Benchi la ustawi

Ukisikia mwanamke wa Dar es Salaam anamwambia mwanamume "nitakupeleka ustawi", ujue maneno yameisha. Nimeisikia kauli hiyo ikipenya ukutani kutoka kwa jirani, nimeisikia ndani ya daladala, na mara moja niliisikia msibani, maiti ikiwa bado haijatoka. Neno lenyewe halina kosa. Mahindi hustawi, mtoto hustawi. Ila mtaani kwetu ustawi ni ofisi, ile ya ustawi wa jamii, na ofisi ile mtu haendi, anapelekwa, kama anavyopelekwa polisi.

Mimi nilipelekwa mwaka 1989, nina miaka saba. Mama alinivalisha shati la shule ingawa ilikuwa likizo, akaikunja kadi yangu ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni, akaubana kwapani njia nzima. Ukumbini kulikuwa na benchi la mbao lenye mguu mmoja mfupi. Mtu wa mwisho akiinuka, wote tunainama upande mmoja. Wanawake walikuwa tisa au kumi, kila mmoja na mtoto, na hakuna aliyekuwa anazungumza na mwenzake. Ilikuwa aibu. Leo wanazungumza, hata namba za simu wanapeana.

Mama alikuwa anamdai baba yangu matunzo. Hawakuwahi kuoana. Baba alikuwa utingo wa lori la Songea, anakuja mjini kama mvua za vuli, siku zisizotabirika. Nikiwa mtu mzima ndipo nikajua ni sheria gani iliyokuwa mezani siku ile. Ilitungwa na Mwingereza mwaka 1949, na ilimruhusu mama wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kudai shilingi mia moja kwa mwezi, basi. Mwaka 1949 shilingi mia ilikuwa sawa na pauni tano, fedha ya kuheshimika. Mwaka 1989, baada ya shilingi yetu kuporomoka ilivyoporomoka, haikufika dola moja. Kiwango hicho kilikaa vitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipokuja kukifuta. Miaka sitini, mia ni ileile.

Mzee wa ustawi, mrefu, aliyevaa suti ya Kaunda iliyochakaa kwenye viwiko, hakuitaja sheria kabisa. Alimwita baba akamweka kwenye kiti, mama kwenye kiti, mimi nikabaki nimesimama katikati. Akamuuliza baba swali moja: "Huyu anasoma darasa la ngapi?" Baba akanitazama. Hakujua. Mzee akanyamaza muda mrefu, ule unyamavu wa watu wazima ambao mtoto anausikia tumboni. Kisha wakakubaliana: debe la unga kila mwezi, na sare za shule kila Januari.

Baba alitimiza nusu. Lakini nusu ilitosha kumfanya mama aache kuuza pombe usiku, na mama akiwepo nyumbani usiku nami nikawa nyumbani usiku. Mzee alikuja kwetu mara tatu kwa miguu, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akakagua madaftari yangu. Sikumwelewa. Nilidhani ni ndugu wa mama.

Nayakumbuka haya kila watu wanapoanza mjadala wa panya road.

Asiyeishi Dar pengine anahitaji kuelezwa. Panya road ni makundi ya vijana, wengine watoto kabisa, wanaotembea kwa wingi na mapanga, nondo na visu, wanaingia mtaa, wanapora simu na fedha, wanajeruhi, wanapotea vichochoroni. Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2015 jioni nilikuwa Kariakoo nanunua madaftari, uvumi ukaanza kupita kwenye simu: wako Magomeni, wako Sinza, wako Mwananyamala, wako kila mahali. Maduka yalifungwa kwa dakika chache. Makonda wa daladala walikuwa wanapakia watu kupitia madirishani, na mimi mwalimu wa shule ya msingi, mwenye heshima zangu, niliingizwa kwa dirisha miguu ikitangulia. Siku zilizofuata polisi walikamata vijana kwa mamia. Tukatulia. Septemba 2022 wakarudi, binti mmoja mwanafunzi akauawa Kawe, na siku chache baadaye polisi wakatangaza kwamba watuhumiwa sita wameuawa. Tukatulia tena.

Ninachotaka kusema kinahusu miaka iliyo katikati ya tarehe hizo mbili, ambayo haiandikwi gazetini.

Mtoto wa uswahilini akizaliwa, serikali inamfuata. Kuna kliniki, kuna chanjo, kuna kadi ya kupimia uzito yenye mstari wa kijani na mwekundu. Kaya yao ikiwa imeandikishwa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, mama anapata ruzuku kwa sharti kwamba mtoto apelekwe kliniki, na akikua apelekwe shule. Darasa la kwanza anaingia, na ada hakuna. Kisha ruka mbele mpaka umri wa miaka kumi na minane: hapo anaanza kuitwa kijana, anaweza kuunda kikundi na wenzake na kuomba ule mkopo wa halmashauri, asilimia nne ya mapato ya ndani kwa vijana. Sasa niambie, aliyeacha shule darasa la sita ana miaka kumi na mitatu. Mpaka kumi na minane ni miaka mitano. Nani anamwita kwa jina katika miaka hiyo mitano?

Utaniambia kuna MEMKWA, madarasa ya watoto waliokosa shule, tangu miaka ya 1990. Yapo. Nimefundisha jirani na darasa moja la namna hiyo. Mwalimu wake alikuwa wa kujitolea, posho ilipokatika akaenda kuuza mitumba Tandika, na watoto wakamfuata, wawili wakawa wabebaji wake. Utaniambia Novemba 2021 serikali ilifungua mlango kwa walioacha shule warudi. Ilifungua, na ni jambo jema sana. Lakini mlango ukifunguliwa, lazima pawe na mtu wa kwenda kumwambia yule aliyeko kijiweni kwamba uko wazi.

Anayemwita kwa jina yupo. Ni mnunuzi wa vyuma chakavu.

Mtaani kwetu mizani yake inaning'inia kwenye mwembe. Asubuhi watoto wanaleta makopo, misumari iliyopinda, sufuria zilizotoboka, nyaya zilizochomwa moto mpaka shaba ikabaki wazi. Haulizi umri. Anaweka chuma kwenye ndoano, anasoma kilo, analipa papo hapo. Anamjua kila mtoto, anajua kwao ni wapi, anajua nani hajala tangu jana na anampa mia tano ya chapati, "utanilipa kwa chuma". Jioni kuna dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, kibandani hatua kumi kutoka kwenye mizani, na mia tano zinarudi zilikotoka. Nisimsingizie: si mwizi, ana leseni yake ukutani. Lakini ukizichukua kazi zote za ofisa ustawi ukaziandika kwenye karatasi, kumtambua mtoto, kumtembelea, kumsikiliza, kumpa msaada wa dharura, basi ofisa ustawi wetu aliyekuwa anafanya kazi kila siku bila likizo alikuwa yeye. Kasoro ni kwamba siku moja makopo yanapungua, na anamuuliza mtoto, kwa sauti ya kawaida tu, kama huko anakopita hajaona mfuniko wa chuma wa chemba ya majitaka.

Mwaka 2018 nilikuwa katibu wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa, zile kamati zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Ukatibu ulinifuata kwa sababu nina mwandiko mzuri. Usiku mmoja mjumbe alinigongea: "Mwalimu, amka, wanataka kumchoma mtoto wa mama maandazi."

Walikuwa wawili, mtoto wa mama maandazi na rafiki yake. Walikutwa na mfuniko wa chemba ndani ya gunia. Tulipofika tairi lilikuwa tayari, lakini petroli ilikuwa bado inatafutwa, na nadhani ndiyo iliyowaokoa, ile bei ya petroli. Kila mtu alikuwa anamwambia mwenzake atoe. Mjumbe wetu ni mama wa makamo mwenye kisukari. Alikwenda akaketi juu ya lile tairi. Akasema mguu unamuuma, anapumzika. Hakuna aliyethubutu kumwinua. Polisi walipokuja akaomba asaidiwe kusimama.

Kituoni niliona kwenye kitabu: umri miaka 19. Wote wawili. Nikasema afande, huyu nimemfundisha, aliacha darasa la sita mwaka juzi. Akanijibu bila ubaya, kwa uchovu: "Mwalimu, mtu anabeba mfuniko wa chemba halafu ni mtoto?"

Hapa ndipo inabidi nieleze jambo linaloonekana dogo. Sheria ya Mtoto inasema mtoto ni aliye chini ya miaka kumi na minane, na mtoto hafungwi jela, hata akitiwa hatiani. Kesi yake inasikilizwa mahakama ya watoto, kama ile ya Kisutu iliyoanza mwaka 1997, ofisa ustawi akiwepo. Akinyimwa dhamana anakaa mahabusu ya watoto, kama ile ya Upanga; nyingine ziko Arusha, Moshi, Tanga, Mbeya na Mtwara. Akihitaji kuondolewa nyumbani kwa muda mrefu kuna shule ya maadilisho, na kwa miaka mingi imekuwa moja tu kwa nchi nzima, Irambo, Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwenye mwembe wetu. Yote hayo ni kwa mtoto. Na mtoto ni nani? Ni yule mwenye karatasi. Ambaye hana karatasi, umri wake ni ule aliokadiriwa saa saba usiku na mtu aliyechoka.

Asubuhi nilikwenda ustawi. Benchi lilikuwa jingine, la chuma. Wanawake walikuwa walewale, yaani binti zao.

Dada wa ustawi alinisikiliza huku anagonga muhuri barua ya mzee mmoja ya msamaha wa matibabu. Nitamwita dada tu. Alikuwa peke yake kwa kata kadhaa. Ofisi haikuwa na gari. Tulipanda bodaboda moja, mishikaki, yeye katikati, na nauli alitoa kwenye pochi yake. Kwa mama maandazi aliuliza jambo moja tu: "Mama, kadi ya kliniki iko wapi?" Mama akavuta sanduku la bati chini ya kitanda, akatoa kanga za harusi, picha ya marehemu mumewe, risiti za kitanda, na chini kabisa kadi mbili zimeshikana kwa unyevu. Moja mchwa walikuwa wamekula kona. Dada aliibandua polepole kwa kucha. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa inasomeka: 2003. Miaka kumi na mitano.

Kwa rafiki yake hatukupata kitu. Mama yake alikuwa amefariki, bibi alikuwa Lindi, nyumba waliyopanga ilishabomolewa. Tulimpigia bibi simu kupitia kwa mwenye duka. Alisema mjukuu wake alizaliwa mwaka ule wa mafuriko, wakati korosho zinachanua. Dada aliyaandika maneno hayo kwa makini, akayapeleka. Mwaka wa mafuriko haukukubalika. Mfuniko ule ule, gunia lile lile. Mmoja akahamishiwa Upanga, mwingine akaenda gereza la watu wazima.

Kabla ya hukumu ofisa ustawi huandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Dada alikuja mtaani mara tatu. Alizungumza na mama, na mjumbe, na mimi, na hata yule mwenye mizani, ambaye alishtuka kuona anaandikwa. Alinionyesha sentensi moja kabla ya kuipeleka, akitaka nimsahihishie Kiswahili: "Mtoto hana mtu mzima wa kiume anayemfahamu kwa karibu isipokuwa mnunuzi wa chuma." Sikuwa na cha kusahihisha. Niliona aibu, maana mimi nilikuwa mwalimu wake miaka miwili.

Mahakama ilimwachia arudi nyumbani chini ya uangalizi wa ustawi. Temeke wakati ule kulikuwa na mpango wa kurekebisha tabia za watoto ndani ya jamii yao, mtoto anabaki kwao, anapewa mtu wa kumfuata, vikao, na njia ya kurudi shule au kujifunza ufundi. Dada alikuwa ameona unavyofanya kazi, na kwetu hapakuwa na bajeti ya kitu kama hicho, kwa hiyo alikifanya kwa mdomo. Alimwomba fundi wa gereji ya bodaboda ampokee. Alimwomba mjumbe amwone kila Jumamosi. Mimi alinipa kazi ya hesabu, jioni mbili kwa wiki, kilo na senti na asilimia. Yeye mwenyewe alipita kila baada ya wiki mbili, mara nyingine kwa dakika tano, amesimama, kofia ya boda bado kichwani. Gharama yote ya serikali, ukiondoa mshahara wake, sijaiona.

Nisipambe. Yule kijana alitoroka gereji mara mbili. Mara ya pili aliuza spana za fundi, akazikuta tena kwenye mizani ileile, akazinunua kwa fedha alizokopa kwangu, na hakunilipa mpaka leo. Rafiki yake alitoka jela baada ya miaka miwili, mwili umejaa, anaongea polepole, ana marafiki wa miaka thelathini wanaomfuata na pikipiki. Septemba 2022 alipotea mtaani kabla polisi hawajaanza msako, akaenda Morogoro kwa mjomba. Tulijua kwa sababu alimtumia mjumbe salamu.

Watu wenye nia njema huniambia maofisa ustawi waondolewe mambo ya ndoa na matunzo, waachiwe muda wa kushughulikia watoto wanaoingia kwenye uhalifu. Ni kweli siku ya dada inaliwa: matunzo, mzee aliyetelekezwa hospitali, mtoto aliyepotea stendi, kituo cha kulelea watoto kisicho na choo, mahakamani saa tatu. Tangu Januari 2022 ana wizara mpya yenye jina refu, lakini anayemlipa na kumpa kazi ni halmashauri, ambayo iko chini ya TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa. Akiomba pikipiki barua inapita milango miwili. Hata hivyo siafiki wamwondolee matunzo. Kesi ya matunzo ni panya road ambaye bado ananyonya. Yule mwanamke kwenye benchi anakuja kueleza, miaka kumi na miwili kabla ya wakati, nyumba gani itakosa mtu usiku. Waongezwe maofisa, wapewe nauli, na wawe na muda wa kwenda kukaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

Najua pia kwamba wapo waliotoka nyumba zenye baba, mama na luninga, wakashika panga. Na najua kuna jirani yangu, fundi cherehani, ambaye mwaka 2022 alikatwa mkono wa kulia, vidole viwili havikunji tena. Nilikuwa namsimulia habari za benchi, kwa shauku, kama ninavyowasimulia ninyi. Akaacha kukanyaga cherehani. "Mwalimu," akasema, "huyo aliyenikata, na yeye mlimtafutia kadi?" Nilikaa pale mpaka alipomaliza suruali aliyokuwa anashona. Aliendelea kupitisha kitambaa kwa mkono wa kushoto.

Mwaka jana nilikwenda ustawi kupeleka majina ya watoto watatu walioacha kuja darasani kwangu. Ukumbi umepakwa rangi. Kwenye benchi, kati ya wanawake, alikaa kijana mwenye mikono ya grisi, magoti yamebanana, anatazama sakafu. Mtoto wa mama maandazi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Na wewe umefuata nini huku?"

"Nimeitwa." Akaonyesha kwa kidevu binti aliyekaa mwisho wa benchi, amempa mgongo, na mtoto mchanga begani. "Matunzo."

Nilitaka kumgombeza. Maneno nilikuwa nayo, na baada ya miaka ishirini ya ualimu hayakosekani. Lakini alikuwa amekuja mwenyewe, siku ya kazi, bila barua ya pili. Mlango ukafunguliwa, dada akaita jina la binti, kisha lake. Aliinuka, akafungua zipu ya koti la gereji, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Ndani yake niliona kona ya kadi ya kliniki, mpya, bado nyeupe.

Dada alimuuliza kabla hajakaa: "Kachanjwa ngapi?"

"Mbili," alisema. "Ya tatu Alhamisi."